Wapangaji wa Prefe

Kolwezi ukisema "Prefe," watu wa mitaa mingine watakuuliza prefe wa shule gani. Mtaani kwetu hakuna anayeuliza. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari mpaka akastaafu. Shule aliiacha, cheo kikakataa kumwacha. Hata marehemu mke wake alimwita Prefe, tena wakati anamtuma sokoni kununua sombe, yaani kisamvu.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sitaeleza. Ukimuuliza mwenyewe alijibu, "Uliza bintu bya maana." Nitasema habari za mzee niliyemjua mimi: mrefu, mkavu, kofia ya sufi kichwani hata jua likipasua mawe, aliyemaliza miaka yake ya hapa mjini katika chumba nyuma ya parokia akiwa bwana wa nyumba zisizoonekana. Na niseme mapema, usije ukadanganyika na sifa nitakazompa: mimi na yeye tulikuwa na neno. Kuna heshima moja aliyowapa watu wote mtaani, wanaoistahili na wasioistahili, akaninyima mimi niliyefanya naye kazi kuliko wote. Alijua kwamba naitaka. Alifurahi kujua.

Mali yake ilianza hivi. Kampuni moja ilifunga ofisi zake hapa mjini ikaiachia parokia vitu vyake: viti visivyo na magurudumu, kabati, mapazia, na sanduku la chuma lenye taa ndogondogo na uzito wa mbuzi aliyeshiba. Viti viligombaniwa mpaka Padri akapandisha sauti. Sanduku halikuwa na mgombea. Prefe akalizunguka, akalipiga kofi la mgongo, akasema, "Hii ni seva. Munaacha ng'ombe, munapigania mikia."

Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, aliisoma uzeeni, akivaa miwani mbili kwa mpigo, moja juu ya nyingine. Akatoa ndani ya sanduku kila kitu cha zamani, akaweka Linux, na ndani ya Linux akaanza kujenga mashine nyingine. Mashine hizo huwezi kuzishika wala kuziona, lakini kila moja inajiona ni kompyuta kamili, yenye diski yake, memori yake na anwani yake. Wenyewe wenye elimu hiyo huziita mashine pepe. Prefe aliziita wapangaji.

"Hii ni lupango," alituambia, akimaanisha kiwanja cha kwetu chenye nyumba kadhaa ndani ya ukuta mmoja, zinazotumia bomba moja na umeme mmoja. "Lupango moya, bomba moya, kuran moya. Lakini kila mutu na mulango yake. Mupangaji wa apa hajue mwenzake anakula nini."

Somo hilo lilihitajika haraka, maana parokia ilipokubali kuwapa na Waprotestanti nafasi, baraza likanung'unika. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama hesabu za sadaka zetu zitalala kitanda kimoja na za Pasta. Prefe akamjibu kwa upole wa kutisha, "Mama, ku lupango yenu muko na mupangaji Muprotestanti?" Mama akasema yuko. "Anakulaka bukari yenu?" Hapana, kila mtu na ugali wake. "Basi na mule ndani ni vile." Mama akakaa.

Basi wapangaji wakaingia. Parokia ilipata mashine yake, Pasta akapata yake, ushirika wa wachimbaji wanaochimba kwa mkono ukapata yake. Kituo cha afya nacho kikapata, na hapo ndipo nilipoingia mimi, Mwadi, karani wa fishi za wajawazito, kadi zao za kliniki. Kabla ya hapo fishi zetu zilikaa katika maboksi ya sabuni, na panya wa Kolwezi wanapenda karatasi kuliko mahindi. Nimewahi kumtafutia mama mmoja kundi lake la damu huku anatokwa na damu hiyohiyo, nikakuta kona ile ya fishi imeliwa. Alipona kwa bahati. Tangu siku hiyo sijawahi kuicheka seva ya Prefe, ingawa mwenyewe nimemcheka sana.

Hila yake kubwa ilikuwa majina. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mtu huyo ni ndoyi wake, na undoyi si salamu tu. Ndoyi huleta kuku, huleta kitambaa, huulizwa mtoto anapougua. Prefe akaleta desturi hiyo kwenye Linux. Mashine ya kituo cha afya aliiita Feza, jina la mkunga wetu mkuu. Ya ushirika ikawa Kasongo, jina la mwenyekiti wao, mtu mnene mwenye pikipiki mbili na matangi ya mazutu, yaani dizeli. Ya parokia ikaitwa kwa jina la Padri, ya Waprotestanti kwa jina la Pasta. Kila mmoja aliitwa chumbani, akaonyeshwa jina lake limeandikwa kwenye skrini kwa herufi nyeupe, akapewa mkono. Wakaondoka wamevimba kama maandazi.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika, grupu, ile jenereta ya parokia, ilikuwa kavu, na Prefe alionekana mlangoni kwa Kasongo, kofia mkononi.

"Tata Kasongo, ndoyi yako iko na njaa."

"Njaa ya nini?"

"Grupu haina mazutu."

Kasongo alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu majirani walikuwa wanasikiliza. Mtu gani anamwacha ndoyi wake na njaa? Bidoni, dumu la mafuta, likajazwa. Pasta alileta feni. Mama Feza alileta betri kutoka kwenye gari bovu la shemeji yake, na sina hakika shemeji aliulizwa. Padri hakuombwa kitu. Chumba kilikuwa chake.

Na mimi? Mimi nilishika nyaya za mtandao juu ya paa, nikapanguza vumbi, nikajifunza amri zake zote mpaka nikawa naziota. Jina langu ni fupi, herufi tano, halichoshi kibodi. Nilimwambia wazi, "Tata Prefe, na mi?" Akasema, "Ngoja. Nyumba ya jina yako sijaiona." Siku nyingine akasema, "Weye utaleta nini?" Siku nyingine alijifanya hasikii, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu.

Mara moja nilijaribu kuiba. Aliniachia nimjengee mwalimu wa katekisimu mashine mpya, peke yangu, toka mwanzo. Nikachagua diski, nikakata memori, nikaweka njia ya mtandao, yote sawasawa. Nikafika mahali pa jina. Niliandika M, nikaandika w, na nyuma yangu nikasikia fimbo inagonga sakafu.

"Ule ni nani?"

"Ni mi, Tata."

"Futa."

Akaiita mashine ile Simba, jina la mbwa wa parokia, kwa sababu mbwa yule alilinda grupu bila kulalamika. Nilinuna wiki nzima. Simba, kama ndoyi, alileta mfupa akauacha mlangoni.

Tusimwonee, alikuwa na mazuri. Vumbi la malori yanayotoka mgodi wa Mashamba lingeua seva ile mapema. Likiingia kwenye feni zinaanza kulia kama mtoto mwenye pumu. Prefe alikata kitenge cha marehemu mkewe, kile cha sikukuu, akakifunga mbele ya matundu ya hewa, akakifua kila Jumamosi kwa mkono wake. Watu walisema ni uchawi. Mimi nilimwona mara moja akikianika, akikinyoosha pindo taratibu, nikarudi nilikotoka bila kumsemesha.

Alikuwa na neno lake moja alilolitumia kwa kila jambo: "Piga foto kwanza." Katika kazi ile, kabla hujagusa mashine, unaweza kuipiga picha jinsi ilivyo, diski na kila kitu, ukiharibu, unarudi kwenye picha kana kwamba hukufanya kosa. Prefe aliona hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote walizopewa wanadamu. Kijana akija kumwambia anataka kuacha kazi aende kuchimba, "Ulipiga foto?" Mwanamume akija amefura, anakwenda kumwambia mke wake ukweli wote, "Tata, piga foto ya ndoa kwanza, kisha uende." Tulicheka. Ila mwanamume mmoja alikwenda nusu ya njia, akarudi kukaa nasi mpaka hasira ikapoa.

Na ni huyuhuyu aliyeharibu mashine ya katekisimu mchana kweupe, akifuta alichodhani ni takataka, bila foto. Nilikuwa nimesimama hapo. Akatazama skrini, akatazama taa ya dari, ambayo ilikuwa inawaka, akasema, "Kuran. Unaona vile kuran inatuharibia kazi." Nikajenga upya, yeye akiniangalia kwa makini kama mtu anayemsimamia fundi mvivu.

Ukinzani wake mkubwa ulikuwa kwenye memori. Darasani, wanasema wanafunzi wake wa zamani, alimfukuza mtoto aliyeazima kalamu bila kuomba. Sheria ni sheria. Lakini memori ya seva aliigawa kama mtu anayealika harusi bila kuhesabu sahani. Aliwaahidi wapangaji wote kwa jumla zaidi ya ile iliyokuwamo. Nilipomwonyesha hesabu alitabasamu. "Mutoto," aliniambia, mimi mama wa watoto, "batu bote habakulake pa saa moya. Mumoya anakula, mwingine analala, mwingine anasali. Bukari inatosha."

Mambo yangekwenda hivyo, kama si mapasa. Shule mbili zilikuja kuomba mashine siku moja, na Prefe, kwa kuokoa muda, alijenga moja akainakili. Zikawa mbili, sawasawa mpaka ukucha. Akasema ni mapasa, akaziita Kyungu na Kabange, kama desturi ya mapacha inavyotaka. Shule ya kwanza ilikuwa kubwa sana, ya pili ilikuwa na wanafunzi wanaoweza kukaa kwenye basi moja. Nikamwambia hii ndogo tuipunguzie memori, tumpe mwenzake. Alinitazama kana kwamba nimetukana mbele ya mkwe.

"Mapasa unawapa sawa. Ukimupa Kyungu shati, unamupa Kabange shati. Usipofanya vile mumoya anakasirika, anagonjwa."

"Tata, ni Linux."

"Mapasa ni mapasa."

Akaziongezea zote mbili, sawa kwa sawa, memori isiyokuwepo.

Siku ikafika ambapo wote walikula saa moja. Ulikuwa mwisho wa mwezi, ushirika unafunga hesabu. Shule zote mbili zinatoa matokeo. Parokia inatengeneza vyeti vya komunyo ya kwanza, na sekretari wa Padri, asiyependa kusubiri, alikuwa amefungua vitabu vyote vya ubatizo kwa pamoja. Sasa, Linux ina tabia moja. Ikiona memori imekwisha na nyumba nzima inataka kuanguka, humtafuta mpangaji anayekula kuliko wote, ikamuua bila kumuuliza, ili wengine wapone. Ikatafuta, ikamkuta Padri.

Padri alikuja mwenyewe, kanzu imeshikwa kwa mkono mmoja. Kasongo alikuwepo, amekuja na bidoni, na ninaamini hajawahi kutoa mazutu kwa furaha kama siku ile.

"Prefe, banasema munaniua."

"Si mi, mupe," Prefe alimjibu kwa neno letu la kumwita padri. "Ni Linux. Inauaka mwenye kula sana. Haiangaliake kanzu."

"Na juu ya nini banamuacha Pasta?"

Prefe alivua miwani moja, akabaki na nyingine. "Pasta alikuwa anafunga," akasema.

Ilikuwa kweli, mashine ya Pasta ilikuwa imelala tangu asubuhi. Padri alikaza uso akitafuta hasira, akaikosa, akacheka mpaka akaketi juu ya bidoni la Kasongo. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya ulafi, akitutazama sisi wawili. Tuliwasha mashine yake tena, na Prefe akaiahidi memori zaidi. Nilifunga macho.

Lakini vumbi alilolizuia kwenye seva hakulizuia kifuani mwake. Kikohozi kilianza kidogo, kikakaa, kikawa mpangaji. Binti yake aliyeolewa Sandoa akawa anapiga simu kila siku: huko kuna hewa, kuna mihogo, kuna wajukuu. Prefe aliapa kwamba hataondoka. Kisha siku moja alishindwa kupanda ngazi tatu za chumba bila kupumzika, akanitazama, akajua nimeona.

Habari ikaenea, na baraza la parokia likakaa. Padri alikuwa mkweli: kama Prefe anaondoka na hakuna anayejibu kwa sanduku lile, chumba kitakuwa stoo ya simenti ya kanisa jipya, na sanduku litauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kila mmoja alisema inasikitisha. Kasongo akasema ushirika utanunua kompyuta yake. Shule kubwa ikasema hivyohivyo. Mama Feza hakusema kitu, kwa sababu kituo chetu hakikuwa na cha kununulia hata panya wa kompyuta, na panya wengine tulikuwa nao. Niliwaza maboksi ya sabuni, nikaogopa kweli. Ningejitolea, lakini nani anamsikiliza karani kuhusu sanduku ambalo hata jina lake halimo? Mzee alikuwa na mdomo wa kusema "Mwadi anaweza." Hakusema. Alikaa pale barazani, anakohoa katika leso, anatazama dari. Nilimchukia siku hiyo, na sioni aibu kusema.

Asubuhi ya safari lori la mahindi lililokuwa linarudi Sandoa tupu lilisimama mbele ya parokia, injini inaunguruma. Umeme ulikuwa umekatika, grupu inafanya kazi. Prefe aliingia chumbani amevaa koti la harusi za watu, akaketi, akaniambia neno ambalo kwa miaka yote alikuwa amelikataza.

"Zima yote."

"Tata?"

"Moya moya. Kwa heshima."

Nikawazima. Simba kwanza, kisha mapasa, pamoja, nisije nikalaumiwa. Kasongo. Pasta. Padri. Feza nilimwacha wa mwisho. Nilidhani anafunga kiwanja kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajaja. Skrini ikabaki na mashine kubwa peke yake, ile inayowabeba wote. Hiyo haikuwa na jina lolote. Miaka yote ilijitambulisha kwa neno lilelile inalozaliwa nalo kila mashine ya Linux, na Prefe alisema mwenye lupango hahitaji jina.

"Enda uangalie grupu," akaniambia. "Iko na sauti mbaya."

Grupu haikuwa na sauti mbaya. Niliporudi alikuwa ameshaondoa mikono kwenye kibodi, na sanduku lilikuwa linawaka upya, feni zinalia nyuma ya kitenge. Mistari ikapita kama inavyopita. Kisha skrini ikatulia, ikaandika jina la mashine na kusubiri mtu ajitambulishe. Ilikuwa imeandika *mwadi*.

Nilisoma mara nyingi. Lilikuwa jina langu, herufi zote tano, na si juu ya nyumba moja ya uani bali juu ya lango.

"Nyumba ya jina yako ni ile," alisema. "Zingine zilikuwa ndogo."

Nililia, bila kujificha. Yeye alitafuta fimbo yake.

"Jana nilisema na mupe. Nilimuambia sanduku iko na ndoyi, na kwetu mutu hauzishake mutoto mwenye ndoyi yake eko muzima. Amekubali. Simenti itaenda ku sakristia." Akasimama, akapumzika, akaendelea. "Sasa, mutoto. Ndoyi analetaka nini?"

Hapo ndipo machozi yalipokauka. Nilimtazama. Alikuwa na uso mtakatifu kabisa.

"Mazutu," nikasema.

"Na feni. Na kufua kitenge, Jumamosi. Weye ni ndoyi ya lupango muzima, si ya nyumba moya."

Miaka yote nilikuwa nimeililia heshima hiyo, nikiwaona wenzangu wanavyokamuliwa, na bado niliililia. Nilianza kucheka. Naye akacheka, akakohoa, akacheka tena, akaniwekea ufunguo wa chumba kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake vikavu. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Dereva alimvuta juu, nami nikamsukuma kwa nyuma, bila adabu yoyote. Dirishani akainama.

"Mbele ya kugusa kitu..."

"Ninapiga foto, Tata Prefe."

Lori likaondoka. Lilikuwa halijapita hata kona ya soko niliposikia grupu inakohoa, inakohoa tena, inanyamaza. Nilifungua tangi. Lilikuwa kavu, mzee aliniwashia jina langu kwa mazutu ya mwisho.

Nikachukua bidoni nikaenda kwa Kasongo. Alikuwa kibarazani anakula, na aliponiona na bidoni alianza kutikisa kichwa kabla sijasalimu. Prefe ameondoka, alisema, undoyi umekwisha, ushirika unanunua kompyuta yake, na mashine ile ya Kasongo mumuzime tu, apumzike.

Ndani ya nyumba nilisikia sauti ya mama mkwe wake, aliyekuja kutembea na hajarudi. Kasongo, mwenye pikipiki mbili, alipoisikia alikaa wima na kupunguza sauti. Nikaliweka bidoni chini.

"Tata Kasongo," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka ndani, "mama mukwe yako hana mashine. Mi ninataka kumujengea moya leo. Na jina yake, muzima."

Memori ya kumpa sikuwa nayo, ila ndoyi wake akiona njaa, mama mkwe angemtuma mkwewe yuleyule. Kasongo aliacha kutafuna. Ndani ya nyumba nikasikia kiti kinasogezwa na miguu inakuja mlangoni. Kasongo aliutazama mlango, akalitazama bidoni, akanitazama mimi.

"Naye anakulaka sana?" akauliza.

"Sana, Tata."

Akanawa mikono, akaenda kufungua tangi.